Rangi ya Gari Huishia Kitambaani: Mwongozo kwa Anayeanza Kulitunza Gari Nyumbani

Kabla ya saa 1 asubuhi, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mlinzi au mwenye gari mwenyewe huchukua fulana kuukuu, akaikung'uta mara moja, akaanza kufuta vumbi la usiku kwenye boneti. Gari hung'aa, na mwenyewe huenda kazini roho kwatu. Baada ya miaka miwili ya asubuhi za namna hiyo, gari jeusi huwa na ukungu wa kijivu usiotoka, na lawama zote huangukia jua.

Jua lina makosa yake, na tutayafikia. Hata hivyo, mchanga uliomo katika vumbi ni mgumu kuliko kioo, na fulana kavu inayousukuma juu ya rangi hufanya kazi ya msasa mwepesi. Mwongozo huu umeandikwa kwa mfanyakazi mwenye gari moja, aghalabu lililotumika Japani kabla ya kushushwa bandarini, mwenye nafasi ya saa chache mwishoni mwa wiki na asiyetaka kugeuza ua wa nyumba kuwa gereji. Sehemu kubwa ya kazi ni kuosha vizuri. Polishi na nta hufuata, tena kwa kiasi.

Kitu chembamba kuliko unywele

Bati la gari la kisasa limevikwa praima, kisha rangi, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Mng'ao unaouona umo katika klia, na ndiyo inayoikinga rangi dhidi ya miale mikali ya jua. Unene wake kwa kawaida ni mikroni 40 hadi 50. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi. Hiyo ndiyo akiba yote uliyonayo, na haiongezeki. Kila polishi inayopigwa hukwangua kidogo, na kila kitambaa kikavu hukwangua bila kupangiwa. Klia ikiisha, hakuna nta duniani itakayoirudisha; kilichobaki ni kwenda kwa fundi rangi.

Kabla ya kununua chochote, likague gari usiku kwa tochi ya simu. Shika tochi ubavuni, si moja kwa moja, na uangalie boneti. Ukiona duara la mistari myembamba kama utando wa buibui linalokifuata kimulimuli cha tochi popote kiendapo, hiyo ndiyo mikwaruzo ya kuosha na kufuta. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo mmoja ulio mkubwa. Ukucha ukinasa, mkwaruzo umezama mno kwa polishi ya nyumbani. Uache kama ulivyo. Sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa laini nayo husaidia: mahali isiposhika vizuri kwenye bati, huenda chini yake kuna puti nene, yaani gari liligongwa na kunyooshwa. Hapo hujui klia ni nene au nyembamba kiasi gani, kwa hiyo nenda taratibu.

Tafuta pia namba ya rangi. Kwenye Toyota nyingi za Japani imo katika kibati kilichopigiliwa chini ya boneti, upande wa ukuta wa injini. Nyeupe ya namba 040, ambayo imejaa barabarani kwetu, katika magari mengi ilipigwa bila klia. Ukiipiga polishi, kitambaa hutoka cheupe, na mtu asiyejua hushtuka akidhani ameharibu. Wenye magari meupe wajue na jambo jingine. Toyota yenyewe ilikiri kwamba katika baadhi ya magari yake meupe jua hudhoofisha mshikamano wa rangi na kilicho chini yake, mpaka rangi ikabanduka vipande vipande, na ikajitolea kuyapaka upya katika nchi kama Marekani na Australia. Gari lako likianza kubanduka namna hiyo juu ya paa au kwenye kingo za boneti, usipoteze fedha kununua nta. Wala usielekeze maji ya presha kwenye ukingo uliokwisha inuka.

Kuosha

Vifaa vya lazima ni vichache: ndoo mbili za lita 10 hadi 20, shampuu ya gari, glavu ya kuoshea ya maikrofaiba, na taulo za maikrofaiba zisizopungua sita. Kwa mkazi wa Dar, maduka ya vifaa vya magari ya Kariakoo, upande wa Gerezani, yanavyo vyote. Wa Nairobi atavipata Kirinyaga Road. Taulo zenye lebo ngumu ukingoni zikate lebo kabla hazijagusa gari.

Sabuni ya unga ya kufulia isitumike. Imetengenezwa kuondoa mafuta na jasho kwenye nguo, ina alkali nyingi, na huondoa nta yote uliyoipaka wiki iliyopita huku ikikausha raba za milango. Sabuni ya maji ya vyombo ni nafuu kidogo kwa rangi, lakini nayo huondoa nta. Itumie pale tu unapokusudia kuiondoa. Wapo pia wanaomalizia kwa kupitisha kitambaa chenye mafuta ya taa ili gari "liwake". Huwaka mpaka jioni, kisha vumbi lote la barabarani huja kunata.

Chagua kivuli na bati lililopoa. Weka kiganja kwenye boneti. Ukishindwa kukiacha hapo kwa raha, subiri. Katika Pwani muda mzuri ni kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Maji yenye sabuni yakikaukia juu ya bati la moto huacha alama ambazo zitakutesa kuliko uchafu wenyewe.

Anza na matairi na rimu, kwa ndoo na kitambaa chake peke yake. Vumbi la breki lina chembe za chuma, na kitambaa kilichogusa rimu hakirudi kamwe kwenye boneti. Kisha limwagie gari lote maji bila kuligusa. Hatua hii ndiyo watu huiruka, nayo ndiyo yenye faida kubwa, kwa kuwa kila punje ya mchanga inayoondoka na maji ni punje ambayo hutaisugua. Asiye na mpira wa maji anaweza kutumia bomba la mgongoni la kupulizia mimea dawa, lile la lita 16, ilimradi ni jipya na halijawahi kutiwa dawa. Mimi hulitumia hilo hata siku ambazo maji ya bomba yapo, kwa sababu linanifundisha ubahili.

Ndoo ya kwanza ina maji na shampuu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Ndoo ya pili ina maji matupu. Chovya glavu kwenye shampuu, osha kipande kimoja, isuuze glavu kwenye maji matupu ukiisugua kwa vidole, halafu ndipo urudi kwenye shampuu. Anza na paa, fuata vioo, boneti, buti, sehemu ya juu ya milango, na umalizie na chini ya milango na bampa ambako mchanga ni mwingi. Nyoosha mkono mbele na nyuma, usizungushe. Usibonyeze, uzito wa glavu yenyewe unatosha. Ukimaliza, angalia ndani ya ndoo ya pili. Mchanga utakaouona umetulia chini ndio ambao kwa njia ya ndoo moja ungekuwa umerudishwa juu ya gari.

Kukausha kuna hatari sawa na kuosha. Tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya bati, liache linywe maji, kisha livute polepole kuelekea kwako. Taulo likianguka chini, kazi yake siku hiyo imekwisha, hata kama sakafu inaonekana safi. Dodoki, brashi ngumu ya kufulia na sifongo la manjano vyote vibaki bafuni.

Kunguru, zambarau na maji ya kisima

Miongozo mingi ya utunzaji wa magari huandikwa na watu wa nchi za baridi, ambao adui wao mkubwa ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Sisi wa Pwani tuna orodha yetu.

Wa kwanza ni kunguru wa mjini, ambao asili yao ni Bara Hindi na waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Kinyesi cha ndege kina asidi, lakini asidi ni nusu tu ya tatizo. Jua la mchana hulainisha klia na kuitanua. Jioni hupoa na kukaza, ikijifinyanga kulifuata bonge lililokauka juu yake. Ndiyo maana ukikitoa baada ya siku tatu huacha alama isiyong'aa ambayo kuosha hakuiondoi. Weka ndani ya gari chupa ndogo ya maji, karatasi laini na taulo moja safi. Lowesha karatasi laini, iweke juu ya kinyesi kwa dakika 5 hadi 10, kisha kinyanyue bila kusugua. Msimu wa zambarau ndege na popo huongeza rangi yao ya urujuani. Hapo usisubiri hata kufika nyumbani. Kivuli cha mwembe kina gharama ya namna hiyohiyo, kwa utomvu wake na kwa popo wake.

Wa pili ni maji. Visima vingi vya mjini vina maji mazito yenye chumvi na chokaa, na kila tone linalokauka huacha duara jeupe. Suuza ya mwisho iwe ya maji ya mvua uliyoyakinga, kama unayo, au ya bomba; na ukaushe mara moja. Madoa yakiwa mapya, siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa huyayeyusha: paka, subiri dakika moja, suuza vizuri. Yakishaila klia, hiyo ni kazi ya polishi.

Anayevuka kwa pantoni kwenda Kigamboni, au anayeegesha karibu na ufukwe, aoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila wiki, akikumbuka chini ya gari na ndani ya madigadi. Pale ambapo kokoto imepasua rangi mpaka bati likaonekana, weka tone la rangi ya namba yako kwa brashi ndogo kabla ya masika. Kutu haisubiri upate muda.

Kuhusu maturubai ya kufunikia gari: yanafaa kwa gari lililokwisha oshwa, mahali pasipo na upepo. Juu ya gari lenye vumbi, kusi likivuma, turubai husugua usiku kucha.

Mkono ndani ya mfuko

Baada ya kuosha na kukausha, ingiza mkono katika mfuko mwembamba wa nailoni, kama ule wa mkate, na uupitishe taratibu kwenye boneti. (Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Tanzania tangu Juni 2019, lakini ya vifungashio ingalipo.) Utahisi vipele ambavyo kiganja kitupu hakivijui: chembe za chuma za breki, lami, ukungu wa rangi uliopeperushwa kutoka gereji ya jirani. Lami huondolewa kwa dawa yake ya kuyeyushia. Vilivyobaki huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, unaouzwa kwa vipande vidogo na kukandwa kama unga wa chapati.

Udongo huo hautumiwi mkavu hata kidogo. Lowesha bati kwa maji ya shampuu, utelezeshe udongo kwa mistari mifupi bila kubonyeza, na uukunje kila unapochafuka ili upande safi uwe ndio unaogusa. Ukidondoka, utupe. Inauma, kwa sababu si wa bei rahisi, lakini mchanga ulionaswa ndani yake hautoki. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha.

Polishi, na kosa langu

Polishi hukwangua klia mpaka kingo za mikwaruzo zisawazike. Hakuna siri nyingine. Mchanganyiko laini huondoa mikroni chache tu, mkali huondoa zaidi, na ndiyo maana mtu anayelipiga gari polishi kila mwezi kwa kulipenda analizeesha.

Anayeanza aanze kwa mkono, kwa sifongo dogo la polishi na dawa laini. Chagua eneo la sentimita 50 kwa 50, matone matatu au manne, sugua kwa mistari ya kwenda na kurudi, kisha ya kukatiza, futa, na uangalie kwa tochi. Ukiridhika na asilimia 60 ya matokeo, simama hapo. Baadaye, kama kazi imekupendeza, nunua mashine ya polishi ambayo sahani yake huzunguka huku ikiyumba. Hiyo haikusanyi joto mahali pamoja. Ile ya mafundi inayozunguka tu, yenye manyoya, hufanya maajabu mikononi mwa fundi na hufanya shimo mikononi mwa mwingine. Grainda ya kukatia vyuma isifikiriwe kabisa.

Nilijifunza hili kwenye boneti yangu. Nilikuwa nimeshaimaliza, ikawa kioo kitupu, nikaona mkwaruzo mmoja mdogo kwenye ukingo unaopinda kuelekea taa. Nikarudi na mashine niliyoazima. Sekunde chache tu, na kitambaa kikatoka na rangi ya gari. Klia ilikuwa imekwisha. Kwenye kingo na mikunjo rangi huwa nyembamba zaidi, na mashine hubonyeza kwa ncha. Tangu siku hiyo hufunika kila ukingo kwa utepe wa karatasi wa mafundi rangi kabla sijaanza, na mkwaruzo ulio ukingoni huuacha uishi.

Ukimaliza polishi, futa kila kipande kwa taulo iliyonyunyiziwa spiriti ya aina ya isopropili iliyopunguzwa kwa maji, sehemu moja ya spiriti kwa nne za maji. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kukudanganya. Spiriti huonyesha ukweli, na huiandaa rangi kupokea kinga.

Nta, silanti na seramiki

Nta inayosifiwa kuliko zote, karnauba, hutoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi unaoota kaskazini mashariki mwa Brazili. Ni ngumu kwa nta, na huyeyuka kati ya nyuzi 82 na 86, lakini bati jeusi lililoachwa juani mchana kutwa hupata joto la kukaribia huko, ndiyo maana kwetu haikai sana: hesabu wiki 4 hadi 8. Silanti, ambayo ni ya kiwandani, hukaa miezi minne hadi sita na haina harufu tamu. Kwa gari la kazi linalolala nje, nachagua silanti bila kusita.

Vyote viwili hupakwa kwa namna moja. Gari liwe safi, kavu, kivulini. Paka tabaka jembamba sana. Ukiona weupe mzito umezidisha, na ziada yote utaifuta na kuitupa. Maliza kipande kimoja, subiri kiwe na ukungu kwa dakika chache kama maelezo ya kopo yanavyosema, kisha kifute kwa taulo moja na ukimalizie kwa nyingine. Epuka plastiki nyeusi za bampa, kwa kuwa nta hukaukia ndani ya vinyweleo vyake na kubaki nyeupe. Gari lililotoka kupakwa rangi upya lisiguswe na nta mpaka upite angalau mwezi mmoja, na muulize aliyelipaka kama anataka zaidi. Rangi bado inapumua.

Utajua kinga imekwisha pale maji yatakapoacha kujikusanya matone na kuanza kutandaa. Lioshe kwanza kabla ya kutoa hukumu, maana uchafu nao huficha matone.

Kinga ya seramiki ina sifa zake na ina porojo zake. Hukaa mwaka na zaidi, hustahimili sabuni, na uchafu hutoka kirahisi. Lakini ile "9H" inayotangazwa imetokana na kipimo cha ugumu wa penseli, haina uhusiano wowote na ugumu wa almasi, na kokoto ya barabara ya Chalinze haijui kusoma. Seramiki hukazwa na unyevu wa hewa, kwa hiyo katika unyevu na joto la Pwani hushika haraka mno kwa mtu asiyezoea. Ukichelewa kufuta, alama hubaki mpaka upige polishi upya. Inahitaji pia mahali pasipo vumbi na gari lisilowe kwa saa 24 hivi. Mwaka wa kwanza iache.

Mtu mwingine anapoliosha

Wengi wetu, mwezi ukikaza, hulipeleka gari kwa vijana wa kuosha. Hakuna ubaya, mradi useme unachotaka kabla maji hayajafunguliwa.

"Bosi, tulipige na polishi kabisa?"

"Hapana, mdogo wangu. Limwagie maji kwanza bila kugusa. Shampuu hii hapa, glavu hii hapa, na kukausha nitakausha mwenyewe."

Atakuangalia kidogo. Mpe malipo kamili hata kama kazi imepungua, na wiki ijayo hatauliza. Mlinzi wa nyumbani naye aelezwe kwa heshima, kwa kuwa alifuta kwa nia njema: vumbi la asubuhi liachwe lilivyo mpaka siku ya kuosha, isipokuwa kwenye vioo, na hata hapo kwa maji. Taulo zilizotumika zifuliwe peke yake, kwa sabuni ya maji kidogo, bila dawa ya kulainisha nguo inayoziba nyuzi zake, na zianikwe mbali na mchanga. Ile fulana kuukuu mwachie afutie viti vya barazani.